Masikio ya Mzee Onni

Huku Keweenaw, kaskazini kabisa mwa Michigan, Marekani, theluji haina adabu. Inaingia Novemba, na Aprili bado imekaa mlangoni kwako kama mgeni asiyeaga. Mtu anaweza kukosa mchumba, lakini si mashine ya kurusha theluji. Na mashine za mtaa wetu mzima zilikuwa na daktari mmoja tu, Mzee Onni Lahti, aliyeendesha malori ya magogo mpaka alipostaafu.

Kabla theluji haijakolea, tulimsukumia mashine zetu gerejini kwake. Alifungua kabureta, akaisafisha kwa brashi, akaifunga, akawasha injini na kuiacha ipate joto. Kisha aliinama na bisibisi, akafumba macho asikilize, na kuanza kuzungusha ile skrubu ndogo ya kupimia petroli. Aliikaza polepole mpaka injini ikaanza kusitasita, akailegeza mpaka ikasitasita tena upande wa pili, halafu akairudisha katikati, pale inaponguruma bila kukohoa. Malipo yake yalikuwa pai la nyama na viazi, la moto, na muda wa kunywa naye kahawa na kupiga soga.

Basi masikio ya mzee yakaanza kufa. Kifaa cha sikioni alichonunuliwa na binti yake kilikuwa kinapiga mluzi karibu na injini, akakitupa kwenye droo. Mashine zikawa zinatoka kwake mlio unapanda na kushuka, na ukiingiza moja kwenye theluji nzito inazima. Na sisi tulifanya nini? Tulinyamaza. Watu wa huku bwana! Mtu atakwambia usoni kwamba gari lako limeoza kwa kutu, lakini hawezi kumwambia mzee kwamba hasikii. Tulishukuru, tukaacha pai, tukasukuma mashine nyumbani na kuzirekebisha upya, milango imefungwa. Tulijiambia ni heshima, kumbe tulikuwa waoga tu.

Asubuhi moja nilikuwa kwa shemeji yangu Gordy. Ameinamia mashine yake iliyotoka kwa mzee jana yake, bisibisi mkononi, injini inahema. Glavu zake alikuwa amezisahau kule gerejini, na Mzee Onni akawa amezileta mwenyewe. Tuligeuka tukamkuta amesimama mlangoni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Aa, mzee... naangalia tu," Gordy akasema, uso umemwiva kwa aibu.

"Sema kwa sauti, bwana. Unajua sisikii."

Gordy akanitazama mimi. Nikaona leo mtu mzima hapa ni mimi. "Inamisi, mzee, inakatakata!" nikapaza sauti. "Zote zinamisi. Tangu majira ya baridi yaliyopita."

"Zote? Hata yako, Marlys?"

"Hata yangu."

"Na yale mapai mliyonilipa?"

Aliziweka glavu juu ya meza, akazinyoosha vizuri, akaondoka. Afadhali angetutukana.

Gereji ikafungwa. Mzee akawa anashinda dirishani na kofia yake kichwani, hataki kahawa, hataki hata sauna ya Jumamosi, kile chumba cha mvuke wa moto. Na huku kwetu mtu akikataa sauna, majirani huanza kuulizana bei ya jeneza. Mkewe, Sylvi, akanijia analia waziwazi.

"Marlys, mume wangu ananifia kwenye kiti. Hajafa, lakini anajifunza."

"Sasa mama, nifanyeje?"

"Lete mashine yako. Ila uivuruge kwanza."

Nikaivuruga. Nikaisukuma mpaka kwao, nikafungua gereji, nikavuta kamba, ikawaka na kuanza kuhema vibaya mno. Sylvi akaingia ndani kumtoa mumewe. Sijui walisemezana nini. Nilisikia kelele tu. Mzee akatokea na ndara, amenuna.

"Mmekuja kunidhihaki?"

Sylvi akavuta kiti, akaketi mbele ya injini, koti limefika kidevuni. "Mikono unayo wewe!" akamwambia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Masikio ninayo mimi. Ikianza kusita, nitainua mkono."

"Wewe mwanamke unajua nini kuhusu injini?"

"Nimelala na wewe unakoroma miaka yote hii. Mlio wa kitu kinachotaka kuzima naujua."

Mzee hakutaka kucheka, akashindwa. Akachukua bisibisi, akainama, na kwa mazoea ya zamani akafumba macho.

"Fumbua macho, wewe! Mkono utauonaje?"

Akafumbua. Akaikaza skrubu kidogokidogo, anamtazama mkewe. Mkono wa Sylvi ukapanda. Akailegeza, akaendelea kuilegeza, mkono ukapanda tena. Akairudisha katikati taratibu, na injini ikaacha kuhema, ikashika mlio mmoja. Sylvi akashusha mkono mapajani.

"Imetulia?"

"Imetulia, mume wangu."

"Aambiwe Gordy alete yake." Mzee aliifuta bisibisi kwenye suruali, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, na kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe, alidhani anamnong'oneza mkewe peke yake, kumbe mtaa mzima ulimsikia: "Na wewe usiinuke hapo, Sylvi. Bila wewe sina sikio duniani."