Upande wa Pili wa Diski Nyekundu

Nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi huko Kadutu, nchi ikiitwa Zaire, kaka yangu mkubwa, Yaya Deo, alipata diski niliyomwonea wivu kuliko viatu vyake. Tonton wetu, yaani mjomba, aliileta kutoka Ubelgiji: magitaa makali, muziki unaoitwa metali, jalada jekundu kama pilipili. Deo aliisikiliza na rafiki zake, mlango umefungwa. Mimi nilitumwa maji. Nilipata vipande tu kupitia ukutani: ngoma iliyokatika pale sikio lilipongoja iendelee, kisha ikaingia upande mwingine, kama wanawake watatu wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja bila michi kugongana. Deo aliipiga yote kwa vidole mezani, tukila. Nilimchukia.

Nikamfulia mashati mpaka akakubali kunisikilizisha pande zote mbili. Upande wa kwanza haujaisha, mvua ikaanza. Koko, mama wa baba yetu, akaingia. Alikuwa ameshafunika kioo cha ukutani kwa kitenge kisivute radi, kama kila siku ya ngurumo.

— Zimisha ile kitu! Rangi mwekundu inaita radi, na ile ngoma inaiitikia.

— Koko, iko muziki ya Bazungu tu, alisema Deo.

— Bazungu beko kwabo. Radi itashukia hapa kwetu.

— Ikuye basi, icheze na siye! alicheka Deo.

Ikaja. Ilipiga waya wa umeme nje, mashine ya kupigia diski ikatoa moshi. Koko hakupiga kelele.

— Ile diski, mi naikataa mu hii nyumba.

Deo akampa diski rafiki yake wa mtaa wa Bagira, macho makavu: alikuwa nayo yote kichwani. Mimi nililia.

Leo najua radi haichagui rangi. Kioo bado nakifunika. Sina nguvu za kubishana na Koko aliyekwisha kufa.

Juzi mwanangu aliipata ile diski kwenye simu, nikaisikiliza mpaka mwisho. Watu hawaizungumzii, na wanakosea. Upande wa pili ndio bora: magitaa mawili yanakimbizana, hakuna linalojikwaa. Nikampigia Deo, nikitaka ajue kwamba nami nimeisikia yote, sasa tuko sawa.

— Diski gani? aliuliza. Mi sikumbuke.

Nikamweleza jalada, mvua, Koko. Alikumbuka moshi tu.

Nilidhani wivu ungeishia hapo. Haukuisha. Mimi kila kitu kinanifuata mpaka kitandani. Sasa namwonea wivu kwa kuweza kusahau.