Mchunga Seli wa Somanda

Nyanjige binti Luhende alikuwa mchungaji, ila si wa ng'ombe. Kwenye maabara moja Mwanza alikuza seli zilizokwanguliwa ndani ya mishipa ya ng'ombe wa machinjioni. Baba yake, mzee Luhende wa Somanda, alimtania kila alipokuja likizo, akimwita mama kwa lugha ya kwao: "Mayu, kundi lako lisiloonekana halijambo?"

"Halijambo, baba. Likikaa kwenye maji yaliyotuama linalala ovyo ovyo. Nikiyapitisha juu yake polepole, linajipanga lote kufuata yanakokwenda. Nikizidisha kasi, linabanduka."

"Basi hao ni ng'ombe kweli," mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Figo za mzee zilipochoka, madaktari walimuunganishia mishipa miwili kwenye mkono wa kushoto, ili damu ipite kwa nguvu na mashine ya kuisafisha ipate pa kuivutia. Ukiweka kidole pale unasikia mtetemo. Nyanjige akiwa nyumbani alikiweka kila asubuhi, moyo ukatulia. Mkono ule haukutakiwa kubanwa na chochote, maana damu ikisimama inaganda.

Ndiyo sababu mzee alivuliwa bangili ya shaba aliyorithi pamoja na kundi la baba yake. Katika ukoo wao huvaliwa kushoto, na haivuliwi mpaka kufa. Siku ya kumgawia mwanawe Jilala ng'ombe, mzee aliona aibu kusimama mbele ya ndugu mkono mtupu. "Nivalishe, mayu. Leo tu."

Nyanjige alijua. Nani angejua kumzidi? Kwenye maabara hakuwahi kuiacha pampu ya kupitisha maji isimame hata kidogo. Lakini alimhurumia baba yake, akamvalisha. Wageni walikawia kuondoka, mzee akachoka, akalala nayo. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba, na Nyanjige alipoweka kidole hakusikia kitu.

Hospitali walitaka wampasue tena. Mzee akakataa, akasema kisu kimoja kilimtosha. "Usijilaumu, niliomba mimi," alimwambia binti yake. Alijilaumu, na hata leo anajilaumu. Damu ya mzee ikakosa kusafishwa; wiki mbili hazikuisha, wakamzika.

Baada ya maziko wazee waliitoa bangili. Desturi yao ni kwamba aliyemvalisha marehemu mara ya mwisho ndiye humvalisha mrithi. Jilala akanyoosha mkono wa kushoto. Nyanjige akamvalisha, kisha akapenyeza kidole kati ya shaba na ngozi ya kaka yake kupima nafasi. Wazee walimsubiri akitoe, naye hakukitoa mpaka aliposikia mapigo.