Gari Lisilopata la Pili

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa mtaani kwetu Kinama. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kurudishia magari ya watu bampa zao, na jambo hilo lilimuudhi kuliko nilivyojua. Alitaka kutengeneza gari lake mwenyewe, la kupanda milima kwa kasi wakati wa mvua. Nilimcheka. Nilimwambia aanze na mlango wa choo chetu, ambao ulikuwa haufungiki.

Akalitengeneza. Injini ilitoka kwenye basi dogo lililopata ajali, kila gurudumu likapewa amotisa mbili za kuvumilia mashimo, milango hakuweka. Siku ya kulijaribu tulipanda njia ya mashambani kule Carama, matope hadi magotini, pikapu mbili zimekwama. Gari letu likazipita likinguruma, nami ndani napiga kelele, sijui za woga au za furaha.

Habari zikamfikia mfanyabiashara mmoja Mwarabu, mwenye maduka mjini tangu enzi za babu yake. Akatuma ujumbe kwamba atakuja kuliona. Likimpendeza, ataagiza kumi za kupelekea bidhaa milimani. Mume wangu hakula siku hiyo.

"Nikipata hii kazi," aliniambia, "mi siko tena mutu wa bampa."

Asubuhi ya mgeni nilifanya usafi. Kwenye ukuta wa garaji zilining'inia kamba chafu zenye mafundo, kila moja kwenye msumari wake. Niliona aibu, mgeni angedhani ameingia kwa mganga. Nikafungua fundo moja moja, nikazikunja zote vizuri na kuzitia kwenye ndoo, nikajivunia kazi yangu.

Kumbe gari lilikuwa kwenye kamba zile. Mita ya mume wangu ya kupimia ilikuwa imefutika namba zamani, kwa hiyo alipima kwa kamba: urefu wa kamba ni urefu wa chuma, fundo ni mahali pa tundu. Hakuwahi kunieleza, nami sikuwahi kuuliza.

Mgeni akaja, akaliendesha, akashuka anacheka. "Mashallah, fundi! Niletee ingine sawa na hii, kisha tuandikiane kumi, inshallah."

Mume wangu akatazama ukuta mtupu, nami ndipo nikaelewa nilichofanya. "Ya pili itakawia kidogo, mzee. Vipimo nilitupa mi mwenyewe. Nilizani nimeshika yote mu kichwa."

Uongo ule aliusema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata mimi nikaanza kuuamini.

Ili apime upya vyuma vya ndani, ilibidi alikate gari. Lakini chuma kilichochomelewa, ukikikata, hujinyoosha kinavyotaka, na vipimo vikatoka vya uongo. Gari la pili lilikaa upande. La kwanza halikurudi kuwa gari. Mfanyabiashara alisubiri, akachoka, akaagiza magari kutoka nje. Mume wangu akarudi kwenye bampa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo niliungoja miezi, haukuja. Alikula, alisali, alinitania kwamba bugali wangu unaweza kuziba tundu la redieta. Nikachanganyikiwa. Hajui? Anajua? Amenisamehe, au ananivizia? Nikawa naamka na swali moja na kulala na jingine.

Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, nikashindwa kuvumilia.

"Papa," nikamwambia mume wangu, "ni mi nilifungua zile kamba."

"Najua. Nilikuwa kwa mulango."

"Uliniona? Na ukanyamaza?"

"Nilikuta umebakisha tatu tu," akasema, anavua viatu. "Na ulikuwa unaimba."

Nikakaa chini. Sikujua nimpige au nimshukuru. Machozi na hasira vilinitoka pamoja. Kamba tatu zilikuwa zimebaki, na angeweza kusema acha. Nikamuuliza nilikuwa naimba nini.

Akasema amesahau.