Masizi, Mafuta ya Nazi na Wacheroki

Juzi mjukuu wangu alikuwa nyuma ya jiko akisugua sufuria iliyoshika masizi ya kuni. Mvivu yule, badala ya kwenda kuchota mchanga, alichovya kitambaa ndani ya mafuta yangu ya nazi, mafuta ya nywele, akaanza kupaka. Masizi yakachanganyika na mafuta, na harufu ikanifuata hadi barazani nilipokuwa nimekaa. Nilifungua mdomo nimgombeze, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Wenzangu, kwangu hiyo ndiyo harufu ya siku tulipoishinda serikali. Msiogope, ni serikali hii hii ninayoipigia kura. Lakini siku ile tuliishinda, na mimi nilikuwapo.

Nilikuwa na miaka kumi, na uhuru ulikuwa na miaka miwili. Kijiji chetu kilikuwa kusini ya Ukunda, ukielekea Msambweni, na kati yetu na bahari palikuwa na shamba kubwa la minazi ambalo kila mtu alilijua na hapana aliyekuwa na karatasi yake. Karatasi ya nini? Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka, kilifukiwa shambani na juu yake kikapandwa chipukizi cha mnazi. Ardhi ilikuwa ya fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, lakini mti ulikuwa wa yule aliyezaliwa nao, awe mwanamume au mwanamke, hata ahamie Taru, kule nyikani kukavu, akafuge ng'ombe. Wangu ulikuwa umepinda kama mzee anayetafuta sindano chini, na binamu yangu Saidi alinicheka kila kukicha, ati hata kitovu changu kilikuwa kikaidi. Lakini ulizaa, na niliupenda kwa ukaidi wake.

Mwalimu wetu aliitwa Elifasi, Mkristo wa bara aliyehamia na wazazi wake kwenye mashamba mapya kule vilimani. Alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilituua mbavu. Alikuwa akisema "kuja hapa" badala ya "njoo", nasi tukijificha nyuma ya madaftari tukicheka. Siku moja tulitazamia somo la mito ya Ulaya. Badala yake akatoa kwenye mkoba kitabu kilichochakaa, akafunga mlango, akaanza kutusimulia habari za Wacheroki.

Walikuwa watu wa Amerika, alisema, wenyeji hasa, waliokuwapo kabla ya wazungu kufika. Mtoto wao alihesabiwa kwa mama, na mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake. Walipoona serikali mpya ya hao wazungu inazungumza kwa karatasi, nao wakajifunza karatasi. Mmoja wao alibuni herufi za lugha yao, wakachapa gazeti, wakaandika katiba, wakachagua mkuu wao. Mkuu huyo alikwenda na kurudi mji mkuu wa serikali mwaka baada ya mwaka kutetea nchi yao. Hata mahakama kubwa ikawapa haki, lakini rais akaziba masikio. Kisha watu wachache, bila kutumwa na wenzao, wakaingia katika nyumba moja wakatia sahihi mkataba wa kuiuza nchi yote.

"Wengine wakafanya nini?" niliuliza bila kunyoosha mkono.

"Waliandika barua kukataa. Maelfu yao walitia sahihi," Mwalimu akajibu. "Serikali ikasema, sisi tuko na karatasi yetu tayari."

Askari wakaja. Watu wakaondolewa majumbani wakaswagwa kuelekea magharibi, wengi kwa miguu, na maelfu wakafa kwa maradhi na baridi. Mimi nililia, sioni haya kusema. Mwalimu akangoja nijipanguse, ndipo akaeleza kwamba waliofika walianza upya na mkuu wao yule yule, wakaandika katiba nyingine, wakajenga shule, mpaka ya wasichana. Kisha akatupa kazi ya nyumbani ambayo hatujawahi kupewa. "Hakuna kuandika. Kila mtu aende aambie watu wake hii hadithi yote. Kesho nitauliza."

Jioni ile nilimkuta Nyanya, mama yake mama, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mbele yake amesimama kaka yake, Babu Juma, amevaa koti. Koti la sufu, jeusi, na joto lile la kwetu! Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, lakini hakufungua hata kifungo kimoja. Alikuwa amepewa na afisa wa serikali, akatueleza, yeye na wazee wengine wawili. Siku ya tatu kutakuwa na baraza sokoni, na hao watatu watatia sahihi kwa niaba ya kijiji. Shamba litajengwa hoteli ya wageni, nasi tutapewa ardhi nyingine, pana, upande wa Taru.

"Taru hakuna mnazi," Nyanya akasema.

"Dada, mwenye nguvu mpishe."

"Mpishe njiani, si chumbani kwako!"

Babu Juma akaondoka amenuna, na koti lake. Nyanya akarudia kukuna nazi. Minazi ya watoto wake wote ilikuwa shambani mle, na ya wawili aliowazika. Hapo nikaropoka, "Nyanya, hivyo hivyo ndivyo walivyofanyiwa Wacheroki!"

"Wa nani? Ndio watu wa wapi hao, wa Matuga?"

Nikamsimulia, mwanzo mpaka mwisho, sijapata kusimulia hivyo tena maishani mwangu. Nilipofika mahali pa mtoto kuhesabiwa kwa mama, aliacha kukuna. "Ala! Basi hao ni jamaa zetu," akasema. Nilipofika kwenye barua, akauliza swali moja tu: "Barua yao waliiandika kabla ya wale kutia sahihi, au baada?"

"Baada, Nyanya."

Akasimama, akajikung'uta machicha. "Lete daftari lako, Mwanasha."

Siku mbili zile sikupumzika. Tulipita nyumba hadi nyumba, Nyanya mbele, mimi nyuma na daftari. Niliandika juu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: *Sisi wenye minazi hatujamtuma mtu yeyote kutia sahihi*. Chini yake jina la kila mwenye mti, na kidole chake gumba. Wino hatukuwa nao, na aliyekuwa nao alikuwa afisa. Nyanya akakwangua masizi ya chungu, akayakoroga na mafuta ya nazi ndani ya kifuu, basi. Vikongwe wakachovya, wavuvi wakachovya, na kitoto cha siku arubaini kikachovywa kidole kikapiga kelele mpaka tukaziba masikio. Cha ajabu, Nyanya hakuwa na haja ya kueleza. Kila mlango tuliobisha, wanawake walikuwa tayari wamejifunga leso kiunoni. "Ndiyo, wale Wacheroki, masikini, tumeshasikia!" Nilidhani ni sifa zangu zimetangulia.

Siku ya baraza banda la soko lilifurika. Afisa alikuwa kijana wa tai, mwenye adabu, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alifungua karatasi yake mezani, akawaita wazee watatu, akampa kalamu Babu Juma kwanza. Hapo Nyanya akanisukuma mgongoni. Niende nikasome? Mimi? Nilimtafuta Mwalimu Elifasi kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni, anatazama paa. Nikamchukia wallahi. Nikajongea mbele, daftari kifuani.

"Mtoto huyu ni nani?" afisa akauliza.

"Huyu ni mwenye mti, Bwana Afisa," Nyanya akajibu. "Na wewe, wako ni upi?"

Banda zima likaangua kicheko, na kicheko kile kikanipa sauti. Nikasoma. Jina baada ya jina, na kila niliyemtaja alinyanyua kidole cheusi pale alipokuwa. Chini kabisa nikakuta alama moja isiyo na jina. Sikukumbuka kumwandikia mtu yule. Nikasita, Nyanya akanifinya akaninong'oneza, "Pita." Nikapita.

Babu Juma bado ameshika kalamu, jasho linadondokea karatasi ya serikali. Nilijua, na sote tulijua, kwamba akiandika yeye, yale yote yetu yatakuwa masizi tu. Nyanya hakumkaripia mbele ya watu. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya dada, "Kaka, mnazi wako ndio wa kwanza kutoka baharini. Mama aliupanda kwa mkono wake. Shoka litaanza na huo."

Babu Juma akaweka kalamu. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja vizuri, akamkabidhi afisa kwa mikono miwili. "Bwana, nashukuru kwa heshima. Lakini koti hili lina joto." Kisha akageuka. "Dada, masizi yako wapi?"

Lo! Vigelegele vya siku ile sijasikia tena hata harusini. Wale wazee wawili wakagombania kifuu. Saidi, yule aliyenicheka kila kukicha, akanibeba mgongoni akanizungusha soko zima. Afisa alichukua karatasi yake na daftari letu akaondoka, na baada ya miezi tukaletewa barua kwamba mpango umeachwa, kisha wakaja wapima ardhi wakaliandika shamba kwa jina la fuko letu. Mpaka leo mnazi wangu uliopinda unaitazama hoteli ya jirani kwa kiburi.

Kwa miaka mingi nilitamba. Ni mimi niliyemwambia Nyanya, ni mimi niliyeokoa shamba, na aliyekataa kusikiliza nilimsimulia mara mbili. Nikakua, nikawa mwalimu, na siku moja nikapanda vilimani kumjulia hali Mwalimu Elifasi, aliyekuwa amestaafu. "Shikamoo, Mwalimu." Akaniitikia, akaniletea chai, nami nikaanza kutamba hapo hapo kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba karatasi ile ya afisa aliinakili yeye, kwa sababu ya mwandiko wake, akaonywa kwamba akifungua mdomo kazi hana.

Nikaiona tena ile kazi ya nyumbani. Darasa zima, watoto arubaini, wakaingia nyumba arubaini jioni moja. Kumbe wale wanawake wenye leso kiunoni hawakusikia habari kutoka kwangu. Nikaona haya, nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Yeye akaninyooshea tu kidole gumba. "Sikukuwa na mti," akasema, kwa Kiswahili chake kile kile. "Ndiyo maana sikuandika jina."

Wiki iliyofuata tulimleta shambani, tukampandia mnazi kando ya wangu. Kitovu chake kilizikwa bara, kwa hiyo chini tulifukia kipande cha chaki. Yeye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Mti wake umenyooka na unazaa kuliko wangu, na mafuta aliyoyafuja mjukuu wangu juzi yametokana na nazi zake. Sikumgombeza. Nilimwita, nikamwambia akae, kwanza nimsimulie habari za Wacheroki.