Viatu vya Mama Katika Tamthilia ya Kikorea

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, mvua ile ya mtaa wetu wa Buyenzi inayopiga mabati mpaka watu wanasemeshana kwa mikono. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona mtu mzima kabisa. Siku hiyo nilisimama kwenye mlango wa jirani, kanga imelowa kichwani, nikasema neno moja mbele ya watu. Neno hilo lilikaribia kunipotezea mdogo wangu wa mwisho. Nakuandikia wewe unayelea wadogo zako baada ya wazazi kuondoka, kwa sababu najua mko wengi, na pengine neno kama hilo umelibeba mdomoni sasa hivi.

Kwanza nikujulishe nyumba yetu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na shule yangu ikaishia hapo, nikaenda kumsaidia Mama kazi. Miaka michache baadaye Mama naye akaondoka. Tulibaki wanne: mimi, Hamisi, Zuhura, na Saada aliyekuwa na miaka kumi. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwenye duka la nguo kule Asiatique, mtaa wa maduka. Nilikunja vitenge tangu asubuhi, wateja wakivikunjua, nami nikivikunja tena.

Mama alipokuwa kitandani aliniomba jambo moja tu, watoto wasitawanyike. Kwa hiyo hitima ilipokwisha, wakubwa wa ukoo wakakaa kutugawa, huyu kwa mjomba, huyu kwa Shangazi anayekaa mtaa wa Musaga, nilisema apana. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Shangazi, dada yake Baba, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, akaniambia, "Sawa. Jaribu. Lakini mlango wangu uko wazi, mutoto yeyote akichoka aje."

Maneno hayo yalinikwama kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo niliendesha nyumba kama kambi. Kila mmoja na kazi yake, kila kazi na saa yake. Mama alikuwa na desturi ya kutuhadithia habari za Sungura baada ya chakula. Hadithi hizo nilizikata. Niliwaambia wadogo zangu kwamba hakuna muda. Ukweli ni kwamba nilijaribu mara moja peke yangu jikoni, nikafika pale ambapo Mama alikuwa anabadilisha sauti kuwa Fisi, nikashindwa kuendelea. Hilo sikuwaambia.

Jirani yetu alikuwa Bibi Nuriati, mjane wa fundi wa magari. Alikuwa na televisheni na mashine ya CD, na kila Jumapili baada ya sala ya alasiri wanawake na watoto wa pale uani walijaa sebuleni kwake kutazama tamthilia za Wakorea, seri kama tulivyoziita. Maandishi ya Kifaransa yalipita chini, na aliyesoma aliwafafanulia wasiosoma. Mimi sikwenda. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, watu wazima wakiigombeza televisheni.

"We binti, usimuamini huyo mama mukwe!"

"Episodi kumi na mbili, hata mukono hajamushika! Hawa Wakorea wanapendana kama wanapika maharagwe bila kufunika sufuria!"

Kisha vicheko. Nikasema moyoni, watu wa namna hii hawana shida za kweli.

Jumapili hiyo ya mvua nilirudi nikitoka kumtembelea mgonjwa, nikakuta nguo za wiki nzima ziko kwenye kamba zinanyeshewa. Zilikuwa kazi ya Saada. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Nuriati. Viatu vilijaa mlangoni, na ndala za Saada zilikuwa katikati yake. Ndani nilimkuta ameketi mkekani, mbele ya wote, analia. Hakuwa analia kwa kelele. Mabega yalikuwa yanaruka, na Bibi Nuriati alikuwa amemwekea mkono mgongoni.

Sikutazama kulikuwa na nini kwenye televisheni. Kumbuka hilo, mwanangu, sikutazama. Nilisema, "Mama yako haukumulilia hata tone moja. Leo unamulilia mutu wa Korea, mutu ambaye hata jina lako hajui!"

Wakorea peke yao ndio walioendelea kusema. Saada akajipangusa uso kwa mkono wa gauni, akasimama, akapita chini ya mkono wangu, akavaa ndala zake. Nilimwona kwenye mvua akianua nguo moja moja, akizikunja zikiwa zimelowa.

Baada ya hapo akawa mtoto wa kupendeza. Nakwambia hivyo kwa aibu, maana mimi nilipendezwa. Hakwenda tena kwa Bibi Nuriati. Alifanya kazi kabla hajaambiwa. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, Dada." Wiki tatu nilitembea mtaani nikijisifu kwamba nimeshajua kulea.

Jumamosi moja Shangazi alikuja kutusalimu, akiwa na ndizi na kuku mmoja. Alipoinuka kuondoka, Saada akatoka chumbani na begi la shule mgongoni. Begi lilikuwa limevimba. Madaftari aliyaacha juu ya kitanda, ndani aliweka nguo.

"Dada, naomba ruhusa. Naenda na Shangazi Musaga."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Hamisi aliacha kutafuna. Nilimtazama Shangazi nikitegemea kuona ameshinda, lakini sikuona ushindi usoni mwake. Akamvua Saada begi taratibu, akaliweka chini. "Nitarudi kesho jioni," akasema. "Muongee kwanza. Kama bado unataka, tutaenda."

Nilikwenda kwa Bibi Nuriati nikilia kwa hasira, bila machozi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Bibi, mutoto anataka kuniacha! Nimemukosea nini? Anakula, anasoma, anavaa."

Hakuinua macho. "Siku ya mazishi ya mama yako, Saada ulimuweka wapi?"

Ilinibidi nifikiri. Siku ile nyumba ilifurika. Kila mtoto nilimpa kazi, nikiamini kazi inatuliza. Hamisi alibeba maji. Zuhura alikuwa jikoni na wanawake. Saada nilimketisha mlangoni alinde viatu vya wageni visichanganyike, maana unajua kwetu msiba ukiwa mkubwa, mtu anaweza kurudi nyumbani na viatu viwili vya kushoto. Akalinda tangu asubuhi. Jeneza lilipotoka, wanaume wote walitafuta viatu vyao kwa pamoja, naye alikuwa chini kati ya miguu yao, anatafuta pea za watu. Alipoinua kichwa, jeneza lilikuwa limeshakata kona.

Jioni ile alinijia na ndala za Mama, zile za bluu, ukanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Akaniambia, "Hakuna kilichopotea, Dada. Lakini hivi vimebaki. Mwenyewe hajavichukua."

Nami nilifanya nini? Nilimpokonya ndala, nikamwambia akale. Kisha nikazifunga kwenye mfuko na kuzirusha juu ya kabati, nisizione.

Niliyasema haya yote kwa Bibi Nuriati, sauti yangu ikizidi kushuka. Akaweka ungo chini. "Unamuambia hakulia. Ulimupa nafasi lini? Na we mwenyewe, mwanangu, ulilia lini? Mule mwenu wote munatembea kama watu wenye kubeba maji ya moto." Halafu akaniuliza, "Ile Jumapili alikuwa analilia nini pale kwenye televisheni?"

"Sikutazama."

"Basi kesho uje utazame. Nitairudisha pale pale."

Kesho yake nilimwita Saada. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumshawishi, yote yakanitoka. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, "Saada, yale maandishi ya Kifaransa yanapita haraka, mi yananishinda. Twende unisomee."

Hakuwa anajua kwamba Dada anaweza kushindwa na kitu. Akavaa ndala zake.

Tulikaa mkekani. Alinisomea kwa sauti ndogo, akigeuza Kifaransa cha wale watu kuwa Kiswahili cha kwetu. Binti alikwenda kufanya kazi mji wa mbali. Mama yake aliuza supu sokoni. Mama akaugua, akawakataza majirani wasimpigie simu mwanawe, asije akaacha kazi. Sasa binti anarudi nyumbani na zawadi mkononi, anaita, anafungua mlango.

Na Wakorea, mwanangu, wanavua viatu mlangoni kama sisi. Mimi sikujua. Pale kizingitini palikuwa na pea moja tu ya viatu, vya mwanamke, vimechakaa, vimepangwa vizuri na ncha zimeelekea nje, kama mtu atatoka sasa hivi kwenda sokoni. Binti akaviona. Akapiga magoti, akaviinua, akavipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake. Hakuna aliyesema kitu. Hata muziki ulinyamaza.

Saada akaninong'oneza, "Hapa hakuna maandishi, Dada."

Nikalia. Nililia kilio cha mwaka mzima, mbele ya wanawake wale wale, mdomo wazi kama mtoto mchanga. Bibi Nuriati alisimamisha mashine. Saada alishtuka, akanishika shavu.

"Dada, usilie, ni seri tu."

"Siililii seri."

"Najua," akasema, naye akaanza.

Tulipoweza kusema, sikungoja tufike nyumbani. Nilikuwa nimemuumiza mbele ya watu, kwa hiyo nilimwomba msamaha mbele ya watu hao hao. Nikamwambia, "Nilikosea, Saada. Nilikupa viatu vya watu ulinde, nikakunyima kumuaga Mama. Halafu nikakusema kwa kulia." Hakunijibu kwamba amenisamehe. Aliuliza tu, "Vya Mama viko wapi?"

Tulikwenda nyumbani, nikapanda juu ya kiti, nikaushusha mfuko. Saada aliziosha zile ndala kwa sabuni na brashi, akaziweka mlangoni zikauke. Sote wanne tukakaa hapo kizingitini. Zuhura akaomba hadithi. Nikaanza ile ya Sungura aliyeficha mvua ndani ya kibuyu, na nilipofika kwa Fisi nikakwama kama mara ile. Lakini safari hii Hamisi akaichukua sauti ya Fisi, vibaya sana, kama mbuzi mwenye mafua. Zuhura akamkosoa. Mimi niligundua kwamba mwisho nimeusahau kabisa. Saada ndiye aliyeukumbuka, neno kwa neno, kama Mama alivyousema. Mwaka mzima alikuwa ameutunza peke yake.

Shangazi alikuwa amefika tukiwa katikati ya hadithi. Hakusema hodi. Alivua viatu, akaviweka kando ya zile ndala za bluu, akazitazama, akaketi asikilize. Hadithi ilipokwisha akauliza, "Haya, begi liko wapi?"

Saada akafikiri. "Shangazi, episodi hazijaisha."

"Zimebaki ngapi?"

"Nyingi. Na za Sungura bado sijazihesabu."

Shangazi akacheka mpaka akajipangusa macho kwa kanga. "Basi mi nitakuja Jumapili nitazame nanyi. Lakini mutanisomea, mi na Kifaransa tulishagombana zamani." Na akaja, kila alipoweza, kwa miaka.

Leo Saada ni mwalimu wa watoto wadogo. Anawahadithia habari za Sungura, na siku nyingine Sungura huyo anasafiri mpaka Korea, anapewa supu na kuambiwa avue viatu kwanza. Nilimuuliza kama Mama angekubali. Akasema Mama angeuliza kama supu ilikuwa na pilipili. Bibi Nuriati ameshatangulia, Mungu amweke pema. Na mimi niliyeachia darasa la sita, Kifaransa changu cha kusoma nilikipata mkekani kwake, mstari mmoja mmoja, mdogo wangu akiniwekea kidole kwenye kioo cha televisheni. Siku hizi tunatazama kwenye simu, kila mtu kwake, na Saada ananipigia: "Dada, umefika wapi? Usiniambie, usiniambie!" Nawashukuru watu wale wa mbali waliocheza filamu ile. Hawatajua kamwe kwamba walinisaidia kumzika mama yangu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukimkuta mdogo wako analilia kitu unachokiona cha kijinga, filamu, mnyama wa hadithini, mtu wa nchi ya mbali, usimcheke wala usimgombeze. Keti kando yake utazame anachokitazama. Mwulize ni nini. Huenda hapo ndipo alipopata mahali pa kuweka uzito ambao wewe hukumpa nafasi ya kuutua. Usimpe mtoto kazi siku ya kumuaga mama yake. Wahadithie wadogo zako hata kama sauti inakukatika, wao watakuokota pale utakapoishia. Ukikosea mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu. Na usione haya kumwambia mdogo wako kwamba kuna jambo limekushinda. Mimi siku niliyosema hivyo ndiyo siku aliyobaki.

Mungu akupe moyo wa kuwaweka pamoja wadogo zako, na akupe jirani mwenye mkeka mpana. Jioni urudipo nyumbani, ukute viatu vyao vyote mlangoni, vimetupwa ovyo, vyenye matope, vya kwao wote. Amina.