Daftari la Vicheko na Ukimya

Mchekeshaji ambaye kwa miaka mingi nilihesabu vicheko vya watazamaji wake amefariki wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wengi wenu hapa Brussels mlimwona: mzaliwa wa Bukavu, suti ya njano, hakuficha kwamba anapenda wanaume, na hakumwacha salama mchungaji, mwanadiplomasia wala mwandishi wa safu. Kwenye filamu alipewa nafasi za polisi na dereva wa teksi. Alilalamika kwamba hakuna mwongozaji aliyewahi kumruhusu apende mtu. Walimruhusu kufa tu.

Tulijuana kwa kosa langu. Baada ya onyesho moja karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord nilimfuata kumweleza, kwa mpangilio, vichekesho gani havikuchekesha. Nilikuwa nimeviandika. Akanitazama, akacheka, akaniomba niendelee. Tangu hapo nilikaa safu ya mwisho na daftari, nikinakili kila kichekesho na kukiwekea alama: mstari kwa kila kicheko, duara pale watu waliponyamaza. Mwanzoni nilimshauri aondoe vyote vyenye duara, akakataa. "Tonton, kwenye duara ndipo walisikia," aliniambia, akiniita mjomba kwa Kifaransa. "Uwape muda."

Kichekesho kimoja, kuhusu sala za mama yake, kilipata duara kila watu wa kwao Kivu walipokuwa wengi ukumbini. Walimjua mama, na walijua hataki kusikia kwamba mwanawe anapenda wanaume. Kila onyesho mwanawe alimwekea kiti kando yangu. Hakuja hata mara moja, na kiti kile kikawa cha koti langu.

Jumamosi tulikaa matanga katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Laeken. Watu walisifu filamu zake, ya jukwaani wakayaruka. Mwanaume aliyeishi naye miaka tisa ndiye aliyepika chakula chote, kisha akabaki amesimama kwenye mlango wa jikoni kama mtu aliyekodiwa. Mama alikuwa amesikia habari za daftari. Akaniita.

"Papa, soma ile ya mimi."

Nikakisoma kichekesho kile kama kilivyoandikwa: "Maman aliomba Mungu anipatie muntu wa kupika muzuri, wa kuheshimu mama mukwe, wa kufika kanisa bila kuchelewa. Bon, Mungu alinipatia vyote. Maman alisahau tu kusema akuwe mwanamuke."

Ukumbi ukanyamaza. Duara, nikawaza. Mama alitazama sahani yake, kisha akageukia jikoni.

"Chakula ni muzuri," alisema. "Mupishi, kuya ukae hapa na mama mukwe wako."

Wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe, akifuta machozi, wengine tukafuata.

Nimejifunza mengi peke yangu, kwa vitabu na kwa kuhesabu, na nilizoea kuipima kazi ya mtu siku ileile ilipotolewa. Sasa najua kwamba kuna maneno yanayohitaji miaka kumfikia mtu mmoja, na anayeyasema hana budi kuyarudia bila kujua kama atakuwepo yakifika. Niliporudi nyumbani, mtaa wa Forest, nilifungua daftari, nikachora mstari katikati ya duara la kichekesho kile.