Malkia Ndani ya Bomba la Sindano

Mama yangu alitangaza vita na sisimizi mwaka uleule niliopata cheti cha kidato cha nne. Cheti nilikipata nina miaka arobaini na moja, baada ya miaka mitatu ya masomo ya jioni, mchana nikishona maturubai ya malori pale Rusumo. Wiki ile, kila nilipovuka barabara, malori yalisimama yenyewe kunipisha. Haya, ni lori moja tu, nalo lilipunguza mwendo.

Sisimizi ninaowasema ni wale weusi wakubwa, wenye vichwa vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta ya nywele. Shimo lao lilikuwa nyuma ya jiko la mama, nyumbani Kirushya, hatua tano tu kutoka anapoanika ulezi. Mama akishauosha na kuutandaza mkekani, wanakuja kwa mstari, kila mmoja anajitwisha punje yake, wanaondoka bila kuaga. Mama alidai wameshamaliza gunia. Mimi, ambaye kazi ya kutia chumvi katika ukoo wetu nimeachiwa peke yangu, nilikadiria vikombe viwili.

"Mvua ya kwanza ikinyesha," aliniambia, "udongo ukilainika, nachemsha sufuria lile la misiba, nawamwagia mpaka chini kwa babu yao."

Sufuria la misiba lingeweza kupika ndizi za tarafa nzima. Nikajua hawaponi.

Na mimi nilikuwa nawahitaji. Mwalimu wetu wa baiolojia, kijana mpole mzaliwa wa Nemba kule Biharamulo, alitufundisha jioni moja kwamba baada ya mvua za kwanza sisimizi wenye mabawa hutoka kuoana angani. Malkia akishaolewa anashuka, anang'oa mabawa yake mwenyewe, anachimba chumba, anajifungia, na analea watoto wa kwanza bila kula chochote. Anaishi kwa mafuta ya mwili wake na kwa nyama iliyokuwa ikiendesha yale mabawa. Mwalimu akauliza nani amewahi kumwona malkia huyo. Tulikuwa watu wazima arobaini darasani: madereva wa bodaboda, mama ntilie, makarani wa forodha. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenzangu mmoja akasema yeye amewala wengi tu, wa kukaanga, na chumvi.

"Hao ni kumbikumbi," mwalimu akasema. "Kumbikumbi ni mchwa. Sisimizi ni ukoo mwingine kabisa."

Darasa zima likanuna. Mtu amekula kitu tangu hajaota meno, halafu anaambiwa hajui ukoo wake! Mimi sikununa. Mimi nilikosa usingizi. Nilitaka kumwona huyo mwanamke anayelea bila kula.

Kwa hiyo nilimwomba mama asubiri. Nyumbani tunasema Kihangaza, lakini neno malkia nililisema kwa Kiswahili, maana la kwetu sikulijua.

"Marikia," mama akarudia. "Na huyo marikia anakura nini humo ndani?"

"Hakuri kitu, mama."

Mbele ya mama ulimi wangu hurudi nyumbani wenyewe. Kutenganisha kula na kura kulinichukua muhula mzima. Kwenye insha yangu ya kwanza ya uraia niliandika kwamba kila mwenye miaka kumi na minane ana haki ya kupiga kula, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Pamoja na mboga?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Hakuna mama wa namna hiyo," alisema. "Mimi nimezaa tisa. Kila nilipozaa nilikura mpaka baba yako akaogopa kurudi nyumbani. Hao waliokufundisha ni wanaume?"

"Mwalimu ni mwanamume, ndiyo."

"Nilijua."

Tukawekeana masharti hapohapo. Nikimpata malkia, akapata watoto bila kulishwa, mama ataliacha shimo. Akifa, au akihitaji chakula, maji ya moto yatamwagwa na mimi ndiye nitakayebeba sufuria. "Na cheti chako," akaongeza, "nitafunikia mtungi."

Mvua ilikuja Jumamosi, ile ya kwanza baada ya kiangazi, mvua ya kung'oa mtu na viatu vyake. Jumapili kulikucha jua kali, hakuna upepo. Nilikuwa kanisani, nimekaa karibu na dirisha, na wakati wa matangazo nikaona kitu kinang'aa nje juu ya majani. Mabawa. Nilitoka kabla ya baraka ya mwisho, nimeinama kama mtu mwenye tumbo la kuhara, na naamini Mungu alielewa kuliko katekista.

Nyuma ya jiko la mama shimo lilikuwa limefurika. Wale vibarua wasio na mabawa walikimbia huku na huku kama wapishi wa harusi, na katikati yao wakatoka wenye mabawa, wakapanda vijiti vya nyasi, wakasita kwenye ncha, wakaruka. Nilikaa chini kwenye tope na suruali ya kanisani. Nilisahau hata kwa nini nimekuja. Kisha nikakumbuka, nikaanza kuokota. Niliwaokota kwenye nyasi, kwenye ukuta, kwenye kola ya shati langu. Kumi na saba. Niliwatia kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa, nikamsubiri mama arudi kutoka kanisani, nimesimama mlangoni kama mtu aliyeua chui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekimbia baraka."

"Nina malkia kumi na saba."

Mama akafungua kopo, akatazama muda mrefu. Halafu akaanza kutikisika mabega.

"Baba," akasema, na akisema baba ujue umeharibu, "hawa wote ni mabwana harusi."

"Umejuaje?"

"Tazama vichwa. Vidogo hivi, kiuno chembamba, macho yametoka. Wanaume. Umeniletea mabwana harusi kumi na saba, bibi harusi hata mmoja! Hii ni harusi au ni kikao cha pombe?"

Nilibisha. Mtu mwenye cheti hakubali upesi. Lakini kesho yake asubuhi kumi na mmoja walikuwa wamekufa na waliobaki wanatambaa kilevi, na hivyo ndivyo mwalimu alivyotuambia kuhusu madume: kazi yao ni ya siku moja.

Yule wa kweli tulimpata Jumapili hiyohiyo, saa nane mchana, na si mimi niliyemwona. Mama alikuwa anakwenda kuchota maji akasimama ghafla njiani, akaninyooshea mdomo.

"Yule pale. Anayetembea kama anatafuta kiwanja cha kununua."

Alikuwa mrefu kama kiungo cha kidole changu, mweusi, mgongo mnene, tumbo zito. Mabawa hakuwa nayo. Yalikuwa yamelala nyuma yake njiani, manne, safi, kama nguo iliyovuliwa mtu akaiacha palepale. Aligusa udongo kwa vipapasio vyake vya kichwani, akaondoka, akagusa tena penginepo. Mama alikuwa amechuchumaa, ndoo tupu kando. Sijui tulikaa pale muda gani. Mimi nitasema saa tatu. Wewe sema dakika kumi.

Nyumba yake niliitengeneza kwa bomba la sindano la ng'ombe, lile kubwa la plastiki, jipya, halina sindano. Mbele niliweka maji, nikaziba kwa pamba mpaka pamba ikalowa bila kuvuja. Halafu chumba chake. Halafu pamba kavu nyuma ya kuingiza hewa. Nikalifunga kwa kitambaa cheusi, maana malkia anataka giza. Nilitaka kwenda nalo Rusumo. Mama akakataa.

"Litakaa kwangu, kabatini. Wewe utamlisha kwa siri."

Kwa hiyo nikawa naenda Kirushya kila Jumamosi kama mtu anayetembelea mgonjwa. Jumamosi ya kwanza: mayai, rundo dogo jeupe, kama punje za chumvi zilizoshikana. Ya pili: rundo limekua. Ya tatu: baadhi yamekuwa vidudu vya kujikunja, visivyo na macho wala miguu, na malkia anavilamba kimoja kimoja. Chakula hakuna. Nilitembea kifua mbele, nikaanza hata kulisalimia shimo la nyuma ya jiko: msiwe na wasiwasi, wakili wenu nipo.

Jumamosi ya nne nilifungua kitambaa nikaona pamba imekuwa ya kahawia, na pembeni ukungu umeota kama ndevu. Malkia alikuwa amejisogeza mwisho kabisa wa bomba, watoto wake wamebandikwa ukutani juu yake.

"Mama, hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki cha kahawia."

"Labda ni choo chake."

"Mama, kinanuka uji."

Mama akageuka akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Sasa ulitaka nifanye nini?" akasema hatimaye. "Nimechungulia nikamkuta na watoto. Mzazi yumo ndani ya nyumba yangu, mimi nina ulezi, halafu ashinde njaa? Tangu niolewe hapa hajajifungua mwanamke jirani nikakosa kumpelekea uji. Watu wangesemaje?"

"Watu gani, mama? Nani anajua kama yumo?"

"Mimi najua."

Alikuwa amechovya kijiti cha ufagio kwenye uji mwepesi wa ulezi, akakipitisha pembeni ya pamba, tone moja kila asubuhi, siku nne. Yeye, aliyelichukua bomba ili nisimlishe! Sikujua nicheke au nilie. Jaribio langu lilikuwa limekufa, na kama ukungu ule ungefika kwa watoto, malkia naye angekufa, na sufuria la misiba lingepanda jikoni jioni ileile.

Nilikuwa na bomba la pili. Nikaliandaa, nikatoa pamba za nyuma, nikayaunganisha mdomo kwa mdomo, la zamani nikaliacha kwenye mwanga, jipya nikalifunika kwa kitambaa. Mama akashika tochi ya simu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu malkia akatoka taratibu, akapapasa mlango wa giza, akaingia, akazunguka, akarudi kwenye mwanga. Akachukua kidudu kimoja kwa meno, akavuka nacho. Akarudi. Akachukua kingine.

"Anawabeba mdomoni kama paka," mama akanong'ona. Safari kumi na nne. Hizo sikuzitia chumvi. Mama alizihesabu kwa sauti.

Nilimpigia mwalimu simu. Akacheka sana, kisha akasema kisomi kabisa kwamba jaribio limeharibika na nirudie mvua zijazo. Wiki mbili baadaye nilikuta vibarua watano wamezaliwa, rangi ya chai ya maziwa, wadogo kuliko mchele.

"Mbona wadogo hivi?" mama akauliza.

"Wa kwanza huwa wadogo, mama. Ndivyo walivyo."

"Ni kwa sababu uji ulikatizwa."

Sasa ikaja hukumu. Tulikaa mlangoni mwa jiko, yeye na kigoda chake, mimi juu ya sufuria la misiba lililopinduliwa.

"Kama aliukura ule uji," mama akasema, "nimeshinda mimi. Kama hakuukura, umeshinda wewe. Wewe ulimwona akikura?"

"Sikumwona. Wewe?"

Akafikiri. Angeweza kusema ndiyo. Shimo lingekwisha siku hiyo.

"Kila nilipochungulia alikuwa amegeuka," akasema. "Sikumwona."

"Basi?"

"Basi hakuna aliyeshinda. Na mimi simwagii maji watu ambao kesi yao haijaisha."

Lakini ulezi wake hakuutoa sadaka. Alinipa jembe na ndoo ya kinyesi cha ng'ombe, akanionyesha upande wa pili wa nyumba, kwenye migomba, nitengeneze kiwanja kipya cha kuanikia. Nilisawazisha, nikasiliba kwa mikono, msomi wa kidato cha nne, kinyesi kimefika mpaka kwenye viwiko. Mama alikuja kukagua jua likishuka. Akatazama kiwanja, akatazama kona ya nyumba, akarudisha macho chini, akipima mwendo kutoka shimoni.

"Watakuja huku pia?"

"Watakuja tu, mama."

"Baada ya siku ngapi?"

"Sijui. Sidhani kama kuna anayejua."

Akaokota kijiti, akachora mstari mmoja kwenye udongo wa ukuta. "Basi leo ni ya kwanza," akasema.